Ibada ya Mwisho Juu ya Kasonta

Kapata, Kolwezi
Tarehe 16 Novemba 2025

Mpendwa Yaya Baudouin,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo, kaka yangu? Na mkeo, mulamu wangu Abigaëlle, hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule, bado wanajua Kiswahili au wameanza kutujibu kwa Kizulu? Sisi huku tunapumua. Shekina wangu amepanda darasa, na ameota meno ya mbele makubwa kuliko uso wake. Mimi bado nafundisha darasa la tatu. Mgongo unaniuma kama kawaida, lakini nasimama.

Mama ni mzima wa mwili. Nimeandika hivyo kwa makusudi, yaya: wa mwili. Kila unapopiga simu huwa amekaa nami kwenye benchi moja, nami nasema tuko sawa, nawe unafurahi. Hatuko sawa. Tata Shafii, jirani yetu wa mstari wa nyuma, anaondoka wiki hii na lori lake mpaka Durban, nikaona nimpe barua hii akuletee mkononi, nikuambie yale nisiyoweza kuyasema mama akiwa ananisikia.

Unaukumbuka mlima wa Kasonta. Ulipohama, bado ulikuwa wetu. Kila Septemba, miti inapotoa majani mapya mekundu kabla ya mvua, kanisa zima lilipanda kule kusali, bila ngoma wala spika. Mama na wamama wenzake ndio walioanzisha ibada ile, walipoona pori linaisha kwa uchomaji wa makaa na hakuna anayelisemea neno kanisani. Unakumbuka ilivyokuwa: kila mtu anakaa peke yake kimya mpaka aone kitu kilichotoka mkononi mwa Mungu, anakichukua, anakuja nacho mbele, anakitaja kwa jina na kushukuru, kisha anakirudisha pale pale alipokitoa. Mama hakukubali mtu ashukuru kwa ajili ya vitu vyote. Alikuwa anauliza, "Vitu vyote njo nini? Weye umeangalia kitu gani?"

Wewe mwaka mmoja ulishukuru kwa mzizi uliokuangusha, watu wakacheka mpaka Mchungaji Kyungu akafuta machozi. Mwaka jana Shekina alishukuru kwa jongoo, akamwambia Mungu kwamba miguu imezidi kidogo. Tulikuwa tunashuka na matunda ya pori na viwavi vya kula kwenye vitambaa, tumechoka, tumefurahi. Wengine walisema walimsikia Mungu kule kuliko kanisani. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Mwaka huu, mvua zilipokwisha, mlima ukazungushwa uzio. Kampuni moja imeupata. Jina lake nisikuandikie, majina yanakuja na kubadilika. Kuanzia hapo nikawa nasikia misumeno ya kukatia miti nikiwa darasani. Ilianza kabla ya kengele ya asubuhi na kuendelea baada ya watoto kwenda zao. Halafu siku moja ikanyamaza, nami nikajua kwamba hakuna kilichobaki cha kukata.

Mchungaji Kyungu alizunguka ofisi nyingi akiomba tupewe asubuhi moja tu ya Septemba ya kusali juu yake. Mwishoni wakakubali. Masharti yalikuwa kuvaa kofia ngumu na vizibao vya kung'aa, kupanda na mlinzi, na kushuka king'ora kikilia, kwa sababu siku hiyo wangepasua miamba kwa baruti.

Mlinzi alikuwa Stany, yule tuliyemfundisha nyimbo shule ya Jumapili. Alitugawia kofia akiangalia chini. Ya mama haikuingia juu ya kitambaa cha kichwa. Stany akasema, "Mama, bila kofia mi siwezi kukuacha upite. Bataniondosha ku kazi." Mama akafungua kitambaa chake mbele za watu wote, akakikunja, akavaa ile kofia ya njano juu ya mvi zake. Maisha yangu yote sijawahi kumwona akisali bila kitambaa. Sikujua niangalie wapi.

Juu hapakuwa na mti hata mmoja. Udongo mwekundu tu, na alama za magurudumu ya mashine. Tulitawanyika kama zamani, lakini hapakuwa na mahali pa mtu kuwa peke yake. Kila nilipoinua macho niliona vizibao vya kung'aa na kofia zimeinama, watu wazima wakitafuta chini kama waliopoteza funguo. Mimi niliokota kipande cha tairi, nikakitupa. Nyuma yangu kuna mtu alikuwa analia, sikugeuka kuangalia ni nani.

Mama akaita watu walete walichokiona. Hakuna aliyekwenda mbele. Akaita tena, na hapo akatoka Mado, yule anayeuza samaki wakavu sokoni na kuimba sauti ya pili. Mume wake, Kabemba, alikuwa mchimbaji wa mkono. Mado alishika jiwe la kijani lenye shaba, akasema, "Mungu, aksanti juu ya hii jiwe. Batoto bangu banakula sababu yake." Kisha akalifunga kwenye pindo la kitenge chake.

Wengine walisema amina. Wengine waliangalia lile pindo. Mama akamwambia kwa upole, "Mado, rudisha fasi yake, pale uliitoa."

"Fasi gani, Mama Baudouin?" Mado akajibu. Hakupaza sauti. "Fasi yake iko wapi? Hapa bataibeba kesho na lori. Nikiiacha, itabakia ya nani? Na weye, ugali yenye ulilisha batoto bako, Tata yabo aliitoa wapi? Si mu shimo? Tata alichimba mpaka alikufa. Sasa mi nikishukuru juu ya jiwe, njo nimekosa?"

Yaya, unajua mama yetu huwa hakosi neno. Siku hiyo alikosa. Nilitaka kusema kitu badala yake, lakini baba yetu kweli alichimba, na nyumba tunayokaa ni ya uchimbaji huo, nami nimesomeshwa kwa uchimbaji huo.

King'ora kikalia. Stany akaanza kutupungia mikono, "Bamama, tushuke, tushuke, mutanisamehe." Tulishuka mbio, watu wazima kwa watoto, kofia zikicheza vichwani. Tulikuwa tumepita uzio kidogo tu mlima uliponguruma nyuma yetu, na mtikisiko wa ardhi ukaja mpaka kwenye magoti. Mama akasimama ili ageuke. Stany akamshika mkono. "Mama, usiangalie. Tembea tu." Vumbi likatufunika sote, mchungaji na kondoo.

Kule chini Mchungaji Kyungu alisema tufunge kwa sala. Mama alikuwa anavua ile kofia. Akasema, "Tufunge nini? Hatukufungua." Akafunga kitambaa chake kichwani, akaenda nyumbani kwa miguu bila kumngoja mtu.

Toka siku hiyo hajasali, yaya. Si kwamba amekataa kwa maneno. Chakula kinawekwa mezani, tunamngoja kama siku zote, naye anachukua tonge. Jumapili alikuwa akienda kanisani na kukaa mahali pake, mdomo umefungwa, hata kwenye nyimbo zile alizotufundisha mwenyewe.

Mwezi wa kumi walifanya ibada nyingine ya uumbaji, uani mwa kanisa. Kampuni ilileta miche ya miti kwenye vifuko vyeusi, kila mmoja na kibandiko chenye alama yake. Mchungaji aliishukuru kampuni mbele ya waumini kwa kutunza kazi ya Mungu. Simlaumu sana. Paa la kanisa linavuja, na wamemwahidi mabati. Lakini mama aliinuka katikati ya maneno yake akatoka, na hajarudi tena. Siku iliyofuata alirudisha kitambaa cha uongozi wa wamama, amekipiga pasi vizuri. Sasa watu wanasema ana kiburi, kwamba analilia kilima kuliko anavyowalilia watu.

Mchana mmoja tulikuwa tunamenya karanga, malori yakipita barabarani moja nyuma ya lingine. Akaniuliza, "Bulongo ya Kasonta, banaipeleka wapi?" Nikamwambia sijui vizuri, udongo ule wanausafisha kiwandani, halafu mwingine unapita mpakani Kasumbalesa na kushuka mpaka bandari ya Durban. Akaacha kumenya. "Kule kwa Baudouin?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi inafika kwa mutoto wangu, na mi sifiki." Akaendelea na karanga zake.

Ningependa habari ziishie hapo. Mvua zilipoanza, Kabemba wa Mado aliingia na wenzake ndani ya uzio, kwenye upande wa Kasonta ambao mashine zilikuwa zimeuacha. Unajua udongo wa huku unavyokuwa ukinywa maji. Ulishuka juu yao. Wenzake wawili walitolewa wakiwa hai. Yeye walimpata baadaye, na Mado hakuruhusiwa kumwona uso.

Mado alikuja nyumbani kwetu kabla ya maziko. Nilifikiri amekuja kugombana na mama, nikasimama mlangoni. Akanipita, akapiga magoti mbele ya mama, akasema, "Mama, Mchungaji ataongea. Lakini mi nataka weye njo umuombee." Mama akamwambia, "Mado, mi sina kitu mu kinywa." Mado akasema, "Kuja vile vile."

Tukaenda wote. Kaburini Mchungaji alimpa mama nafasi. Mama akasogea kwenye ukingo, akasema, "Mungu wetu." Watu walikuwa wameinamisha vichwa. Mvua ilikuwa nyepesi, unaisikia kwenye miavuli. Akasema tena, "Mungu wetu." Tulingoja mpaka wengine wakaanza kukohoa. Basi akakaa pale pale kwenye tope, na Mado akakaa karibu naye, mabega yamegusana. Mchungaji akamalizia. Aliongea vizuri, lakini sikumbuki hata neno moja.

Sasa Mado anakuja karibu kila siku. Wanakaa jikoni, wanachambua maharagwe. Hawazungumzi juu ya mlima, wala juu ya jiwe lile, wala juu ya Kabemba. Nikipita nasikia maharagwe tu yakianguka kwenye sahani. Sijui kama ni faraja. Labda ni watu wawili tu wasiokuwa na pengine pa kwenda.

Na mimi, yaya, usifikiri naandika haya nikiwa nimesimama mahali pakavu. Juzi niliwaambia watoto wa darasa langu wachore mlima. Karibu wote waliuchora una ngazi kama za mgodi, unazungukwa na barabara, na lori juu. Nikamwuliza mmoja ngazi hizi ni za nini. Akanishangaa, akasema, "Mwalimu, mulima yote iko vile." Nilitoka nje nikasimama nyuma ya vyoo mpaka kengele ilipolia. Nimefundisha kwamba Mungu aliumba ulimwengu akauona kuwa ni mwema. Mwaka ujao nitalifikia somo lile tena, na sijui nitawaonyesha nini kwa kidole.

Ninakuomba jambo moja. Usimtumie mama mahubiri kwenye simu, wala usimwambie kwamba Mungu ana mpango. Ameshaambiwa na kila aliyepita mlangoni, naye anaitikia kwa kichwa na kuingia ndani. Ukiweza, mpigie umweleze siku yako tu: umekula nini, watoto wamevunja nini, jirani amesema nini. Anakusikiliza, hata asipojibu. Nilimwambia Desemba aje kwako apumzike. Amesema hawezi kumwacha Mado peke yake na msiba.

Msalimie sana mulamu Abigaëlle, na watoto wote, mmoja mmoja kwa jina. Shekina anasalimia na kuuliza kama kweli bahari ina chumvi au mnamdanganya. Mado anakusalimia. Mchungaji Kyungu pia anakusalimia. Stany ameacha kazi ya ulinzi, sijui sasa anaishi kwa nini.

Katika kila barua niliyokuandikia huko nyuma, maneno ya mwisho yalikuwa ya mama. Alikuwa ananiambia andika, na baraka zake zilijaza ukurasa mpaka napindisha mistari pembeni. Leo pia nilimfuata jikoni, nikamwambia namwandikia Baudouin, nimwandikie nini kutoka kwako? Aliendelea kuchambua maharagwe. Kisha akasema, "Umwambie akule."

Basi nakuandikia kama alivyosema. Kaka yangu, ule. Na kama kuna mmoja huko juu anayesikia bado kutoka huku kwetu, akutunze wewe na nyumba yako.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda siku zote,

Laurentine