Shati Niliyofua

Jumatatu, 3 Machi

Shuka kumi na nne za loji, blanketi tatu za madereva wa malori. Tangi lilianza kukoroma saa nne asubuhi. Mvua bado. Tulipanga mitungi foleni sisi sote sita tunaoanika kwa kamba moja, na Chebet akaanza kelele zake, eti mimi nafua kama mtu anayepigana na bwana. Sina bwana. Niko na mgongo tu.

Vumbi ya upande wa Salgaa inarudi kwa nguo kabla hazijakauka. Unafua, unaanika, unapangusa tena. Miaka kumi na mmoja sasa.

Njoroge alipita jioni kuchukua githeri. Ndugu yangu, kitinda mimba wa mama yetu, lakini ako na miaka thelathini na nane na mvi zimeanza. Anaziba tairi pale barabarani na analala nyumba ya nyuma ya yangu. Alikula amesimama, kama kawaida yake.

Jumanne, 4 Machi

Wamempiga Njoroge.

Naandika vile walivyoniambia. Polisi walikuja saa nane mchana kuondoa watu wa biashara kando ya barabara. Mama Mayai, yule wa mayai ya kuchemsha, alichelewa kuinua ndoo yake. Askari mmoja akampiga teke. Njoroge akasema, "Afande, huyo ni mama." Hakusema lingine. Wakamgeukia watatu na rungu. Alipoanguka, yule wa kwanza akamkanyaga mgongo na mkono wa kulia na buti. Mkono wa spana.

Watu wa boda walimleta. Ile shati yake ya samawati ilikuwa damu tupu kifuani, ya pua na ya kichwa. Mgongoni alama ya buti, kamili, unaweza kuhesabu meno ya soli. Kifungo cha tatu hakiko.

Akina mama wa kamba walikuja wote. Nyambura alileta uji. Chebet alimpangusa uso na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Mimi nilichukua shati. Sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Maji baridi na chumvi. Damu haitaki maji moto, maji moto huikaza kwa kitambaa na haitoki tena maisha. Nilibadilisha maji mara nne. Alama ya buti niliisugua na brashi mpaka ikaisha. Nikaanika, ikakauka, nikapiga pasi. Nilitaka akienda kuripoti aonekane mtu wa heshima, wasiseme ni mlevi wa barabarani.

Jumatano, 5 Machi

Nakuru, hospitali. Foleni kutoka saa moja asubuhi. Mifupa miwili ya mkono imevunjika. Plasta mpaka kiwiko, wiki sita, halafu wataona kama vidole vitakunja.

Daktari ni msichana mpole. Aliuliza nguo za jana ziko wapi. Nikamwambia nimeshafua, hata nimepiga pasi. Nilisema nikijivunia. Akaweka kalamu chini. Akasema pole pole, "Mama, hizo ndizo zilikuwa ushahidi."

Njoroge aliinamia plasta yake. Ingekuwa afadhali angenitukana. Njia nzima ya kurudi aliangalia nje.

Mimi ni mjinga. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Tulienda kituo cha polisi, mimi na Njoroge peke yetu. Bila kuandikwa kwa kitabu chao upewe nambari, hupati ile fomu ya P3 ya daktari kujaza. Na kitabu kiko na wao. Unaenda kumshtaki mtu kwa kaunta yake mwenyewe.

Wa kaunta alisema alianguka kutoka kwa lori. Nikasema alipigwa. Akaomba kuona nguo. Njoroge alikuwa ameivaa ile shati, ikinukia sabuni yangu. Akaiangalia mbele, akamzungusha akaangalia nyuma. Akasema hii shati haina hata doa, na mwenzake akacheka. Tukarudi bila nambari.

Njoroge anasema tuache. Anasema mkono utapona, na askari tutakaa nao hapa hapa. Nimemwambia siachi. Sijui nilitoa wapi hiyo sauti, kwa sababu ndani sina kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Mzee Barasa, mfagiaji wa kituo, alileta yunifomu kama kila Ijumaa. Mzee mtaratibu. Alitua mzigo bila kuniangalia, akasema pole ya ndugu yako, akaenda.

Miaka minne nimefua hizo yunifomu. Ndani ya kola ya kila moja niliandika nambari kwa kalamu isiyotoka, ndivyo sisi hutenganisha nguo za watu. Sita ni ya yule mrefu mwenye pengo. Yule wa teke. Yule wa buti, watu wa boda walimtambua.

Nilikuwa nimeshajaza karai. Nikaitoa nambari sita. Mkono wa kulia, juu ya kifungo, doa. Dogo, kama ukucha, limekauka. Mimi najua damu, siwezi kuichanganya na mchuzi wala grisi.

Sikuitia maji. Nilikaa kwa ndoo iliyopinduliwa mpaka Chebet akaja kuuliza kama naumwa.

Jumamosi, 8 Machi

Tulikutana kwa tangi. Chebet alitaka tuifiche kwa dari yake. Nyambura alisema turudishe haraka, tusilete taabu kwa watoto. Wote wawili walikuwa sawa, ndiyo maana nilichoka kusikiliza.

Nyambura mwenyewe ndiye alipiga simu kwa Mwalimu Tabitha. Ni mwalimu mstaafu wa Rongai ambaye huwasaidia watu waliopigwa au kufungwa bure. Alikuja na kofia ya kanisa na begi la makaratasi. Alisema tusifiche chochote. Ukificha nguo ya askari, kesi inageuka ya wizi na mshtakiwa ni wewe. Tuipige picha hapo ilipo, nambari ya kola na doa pamoja, sote tukiwa hapo. Halafu kila mtu aandike alichokiona na mkono wake. Mwenye nguo akija, apewe. Alipigia ile ofisi ya mjini inayochunguza polisi. Watakuja Jumanne.

Kisha akatufundisha, kama darasa la pili. Nguo ya mtu aliyepigwa haifuliwi. Inakaushwa kivulini na kutiwa kwa mfuko wa karatasi, si wa plastiki, itaoza. Hospitali kwanza. Kituoni haendi mtu mmoja, waende watatu, na mmoja aandike saa na jina la aliye kaunta. Wanawake wazima sita, na hakuna aliyejua hata moja.

Nikamwambia mimi nilifua ya Njoroge. Nilitarajia uso wa yule daktari. Akasema, "Shati imeoshwa, lakini wewe si uliiona? Andika."

Nimeandika kurasa mbili. Damu ilikuwa wapi, buti ilikuwa wapi, kifungo gani hakikuwa, maji mara ngapi.

Jumapili, 9 Machi

Pasta alimpa Mwalimu Tabitha dakika tano baada ya matangazo, na alikuwa akiangalia saa. Mwalimu alieleza yale ya nguo na karatasi. Watu walisoma vidole vyao. Halafu Mama Mayai akasimama huko nyuma. Hajawahi kusimama kanisani. Akasema yule mama aliyepigwa teke barabarani alikuwa yeye, na yuko tayari kuandika. Akakaa. Nililia kidogo, na sikuona aibu.

Jioni Mzee Barasa alikuja kuchukua yunifomu. Nilimwambia hakuna maji. Alitazama tangi lililojazwa jana, akasema sawa mama, maji ni shida siku hizi.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi mwenye loji alituma mtu akachukua shuka zote, zingine bado mbichi. Hakueleza. Haikuhitaji maelezo. Basi nikajua nimekwisha.

Kufika saa tano, Nyambura alikuja akaweka shuka nne kando ya karai langu, za mteja wake. Halafu mwingine tatu. Halafu mwingine. Chebet alileta blanketi chafu kuliko zote, akasema asinyimwe mtu. Nilifua bila kuinua kichwa.

Saa nane alikuja mwenyewe, nambari sita. Mchana kweupe, na rungu lake. Akauliza shati yake iko wapi. Nikaingia nyumbani, nikaitoa, imekunjwa vizuri. Nikampa. Akaifungua akaona doa la mkono.

"Mbona hujafua?"

"Hiyo sifui, Afande."

Hapo karai zote zilinyamaza. Sikuwaita, lakini walikuja na mikono yenye povu wakasimama nami, na Mama Mayai na ndoo yake, na watu wawili wa boda waliokuwa wanapumzika kivulini. Mwalimu alikuwa amesema mmoja aandike saa, na Nyambura, yule mwoga, alikuwa anaandika kwa kiganja na bairo. Askari alimwangalia akiandika. Akasema tutajuana, akaenda na shati kwapani.

Baada yake tulikunja yunifomu zote zilizobaki, chafu vile zilivyoletwa. Tukazipeleka kituoni sisi sita pamoja na Njoroge, tukaziweka kwa kaunta. Wa kaunta ni yule yule. Hakucheka. Wakati tuko hapo Njoroge aliomba nambari yake ya kitabu tena, na akapewa.

Sasa nimekaa na naogopa. Shati imeenda. Ataifua leo, na kesho watu wa mjini watakuta nguo safi, kama yangu.

Jumanne, 11 Machi

Walikuja wawili, mwanamke na mwanaume, gari bila maandishi. Niliongea nao masaa matatu. Waliniuliza kuhusu ile shati ya samawati mpaka nikachoka kuifua mara ya pili kwa mdomo. Waliiangalia, wakasema hawana haja ya kwenda nayo. Lakini kurasa zangu walizichukua. Mama Mayai aliandikisha. Watu wa boda waliandikisha. Njoroge alitia kidole cha mkono wa kushoto.

Kisha wakaenda kituoni na wakatoka na mfuko wa karatasi.

Mzee Barasa alinieleza baadaye, akijifanya anatafuta ufagio. Jana jioni nambari sita alijifungia jikoni kwa kituo, na Mzee akamwona kwa dirisha. Alichemsha sufuria nzima ya maji, akaitumbukiza ile shati ikichemka, na sabuni nusu pakiti. Akasugua mpaka akachoka. Doa lilikuwa jekundu kidogo, likawa la kahawia na likatulia hapo. Aliianika hivyo hivyo. Ndivyo walivyoipata kwa kamba.

Miaka minne nimemfulia huyo mtu. Hajawahi kuuliza damu hutolewa na nini.

Nilicheka peke yangu nikikoroga ugali. Halafu nikakumbuka hiyo damu ni ya nani.

Jumatano, 16 Aprili

Wametoa plasta. Vidole vitatu vinakunja, viwili havikunji. Daktari amesema mazoezi, mpira wa kufinya, subira. Njoroge amefinya mpira njia nzima. Ameanza kukaa tena pale barabarani. Rafiki yake anashika spana na yeye anaelekeza.

Kesi haijaitwa. Nambari sita amehamishwa, hatuambiwi wapi. Watu wa mjini wakipigiwa wanasema damu bado iko maabara. Mwalimu Tabitha anasema inaweza kuchukua mwaka, na anasema kwa sauti ya mtu ambaye amengoja miaka mingine mingi. Mwenye loji alirudisha shuka wiki jana, bila kueleza vile vile. Yunifomu hazikurudi na hatuziulizi.

Kwa nguzo ya tangi tumepigilia msumari, na mifuko ya karatasi inaning'inia hapo. Leo mama mmoja alishuka kutoka upande wa Rongai, simjui, akauliza wale wanawake wa kufua wako wapi. Alikuwa amebeba jaketi ya mume wake ndani ya mfuko wa unga. Alisema alisikia kanisani kwao. Alisema hajaifua, akaangalia chini kama mtu anayekiri kosa. Nikamwambia umefanya vizuri sana, na Chebet akampa kiti na chai, na Nyambura akatafuta bairo.

Jioni Njoroge aliomba ile shati ya samawati, kesho ana mkutano kwa Mwalimu. Imekaa kwa sanduku tangu Machi, na pasi yake. Alijaribu kuifunga mwenyewe na mkono ukakataa. Nikamfungia. Kifungo cha tatu ndicho hakiko, kilibaki barabarani. Nimetafuta kwa mkebe wa vifungo, kuna cheupe kinachokaribia. Nitakishona asubuhi kukiwa na mwanga.