Dirisha ya Upande wa Mahindi

Siku ya kwanza ya juma, 6 oktobre

Nyumba imesimama! Mbao kwa ukuta, mabati juu, palepale ile ya zamani ilichomwa. Nani mwingine hapa Ngungu angeweza? Hakuna. Imebakia tu madirisha. Hakorimana, seremala, ananiuliza: Papa, tutaweka ya namna gani? Ananiuliza mimi! Nilijenga nyumba tatu mbele mama yake amuzae.

Bibi yangu Epiphanie iko Mweso na bajukuu, kwa musichana wetu, tangu tulikimbia. Ametuma neno: atarudi siku nyumba itakuwa na madirisha, na ile ya chumba ya kulala atachagua yeye. Haya. Waziri wa madirisha sasa anakaa Mweso.

Siku ya tatu ya juma, 8 oktobre

Nimezunguka kuangalia madirisha ya bantu. Jirani Kanyamibwa ameweka vitri, vioo za kusukuma, kubwa kama za famasi. Muntu akipita barabarani anajua umekula nini. Na baridi ya milima hii inaingia bila kupiga hodi. Ati inaleta mwangaza. Nikamuambia mwangaza iko inje, bure, atoke tu.

Nako — vile vipande vya vitri vinavyolala kimoja juu ya kingine — mwizi anavichomoa kama karata. Volee, kifuniko ya mbao tupu, njo tulikuwa nayo zamani. Ya masikini.

Mimi nataka volee NA antivole, nondo za chuma. Floribert, fundi wa vyuma, atazikunja kama maua. Anasema, Papa, maua ni kazi mingi. Nikamuuliza: mimi nafanana muntu wa nondo za kunyooka?

Epiphanie amepiga simu: "Papa Shema, ya chumba usiiguse." Nikasema rezo inakatika. Rezo ilikuwa muzuri sana.

Siku ya posho, jumamosi, 11 oktobre

Antivole zimefungwa zote! Maua, na katikati herufi D, Damascène, mimi. Ile ya chumba D inatazama nyuma. Hakorimana akacheka. Nikamuambia iko hivyo kusudi niisome nikiwa kitandani. Akarudi kwa kazi yake.

Bantu banapita, banasimama. Kanyamibwa pia alisimama. Akasema: Muzee, iko jela ya muzuri.

Wivu!

Siku ya Mungu, 12 oktobre

Amefika. Juu ya pikipiki, kitunga kwenye magoti. Nilivaa koti. Hakuangalia maua. Hakuangalia D. Akaenda moja kwa moja kwa chumba, akashika nondo na mikono mbili, akasukuma.

— Papa Shema, tutatokea wapi?

Nikasema mulango iko, si umeipitia sasa hivi.

— Siku ile, kwa mulango kulikuwa nani?

Siku ile bantu ba bunduki balisimama mulangoni, na moto juu ya nyasi ya nyumba. Tulitokea kwa dirisha ya chumba. Ile ya masikini. Nikaipiga teke moja, mbao ikaruka! Bajukuu mbele, Epiphanie, mimi wa mwisho kama komanda, mpaka ndani ya mahindi. Teke moja! Mpaka leo banaizungumza. (Mimi njo naizungumza, lakini banasikiliza.)

Akasema: ubahili yako njo ilituokoa. Ungekuwa tajiri tungeungua.

Akabeba kitunga chake, akaenda kulala kwa bibi ya Kanyamibwa. Kwenye vitri za famasi!

Siku ya pili ya juma, 14 oktobre

Nilijipikia. Mbwa alionja, akaniangalia kwa huruma, akaenda.

Asubuhi Floribert akaleta akili yake: antivole ya chumba ifunguke kama mulango, na kadena, kufuli ya kufunga. Epiphanie alikuwa amesimama kule inje, hakanyagi ndani.

— Na ufunguo? Utabaomba bale ba bunduki bangoje unaitafuta?

Basi. Imetolewa. Hakorimana amekata ukuta mpaka karibu na goti, dirisha pana, volee moja inayofungukia inje, upande wa mahindi. Komeo ya mbao tu. Ya masikini kabisa! D yangu iko kwenye majani, kuku ameikalia.

Nikaita: Mama Shema, ingiza kitunga. Anasema hapana, wewe kwanza, toka pale nione.

Mimi! Mwenye teke!

Muguu ya kwanza ilitoka muzuri. Ya pili inafikiri. Sasa nimekaa juu ya dirisha, nusu ndani nusu inje, naandika kusudi aone sina haraka. Mvua imeanza. Anacheka. Kicheko ile sijaisikia tangu tulikimbia.

Anasema: nikusukume kama siku ile?

Uongo! Siku ile nilikuwa wa mwisho.

— Damascène. Nani alikusukuma mugongo?

Nafikiri.

Bado nafikiri.

Hayuko tena pale inje. Amezunguka nyumba. Mulango umelia, na kitu kimewekwa chini — kitunga? — na sasa nasikia miguu yake ndani ya chumba, nyuma yangu —