Muhuri wa Jumatatu

Kitale, Jumatano jioni. Mvua imenyesha tangu saa nane na wino hautaki kukauka. Nina hofu.

Kila asubuhi ni mimi ninayezungusha tarehe kwenye muhuri wa masjala ya mahakama. Karani mkuu hajaugusa tangu niajiriwe. Anasema unachafua shati. Leo, tukifunga ofisi, ameniambia, "Kesho muhuri nitazungusha mimi. Wewe kunywa chai, kijana."

Kwa nini kesho?

Kesho ni siku ya thelathini ya Mama Nafula, mjane wa kijiji cha Ndalu. Alishindwa kesi ya shamba huko Bungoma, na rufaa yake lazima ifike Bungoma ndani ya siku thelathini. Lakini kwake Kitale ni karibu, mahindi yake huyauza hapa, basi Jumatatu akaileta kwetu. Mahakama yetu haina mamlaka juu ya shamba lile. Nilitaka kumrudisha, karani mkuu akaingilia.

"Ati umrudishe mama na mvua hii? Pokea, bana. Nitaituma Bungoma mwenyewe. Na usiandike kwenye rejista, wataandika huko."

Nikapokea. Nikagonga muhuri nakala zote mbili, nikampa mama moja.

"Sasa hii karatasi iko na nguvu?" akauliza.

"Iko na nguvu, mama."

Nilisema hivyo mimi, niliyesoma.

Leo mchana nimefungua droo ya mkubwa nikitafuta pini. Rufaa iko pale, chini ya gazeti. Haijaenda popote. Na yule bwana aliyeshinda kesi amekuja kumsalimia mara mbili wiki hii. Labda ni jamaa yake tu.

Labda.

Pini zikiwa bado mkononi, nikamsikia karani mkuu nyuma yangu: "Yule mama wa Ndalu, nyumba yake ni wapi hasa?"

Nikamwambia. Nyuma ya kinu cha posho, mlango wa bluu. Hofu ilinijibia.

Kesho anaweza kuzungusha tarehe mbele na kugonga nakala mpya, ionekane mama alichelewa. Sasa ushahidi wote kwamba aliwahi ni ile nakala moja, yenye muhuri wa Jumatatu na sahihi yangu.

Kesho nitasema jino linaniuma. Alfajiri niwe Ndalu, nimchukue mama na nakala yake, tufike Bungoma kabla hawajafunga masjala. Naweza kufutwa kazi. Muhuri nimeuacha kwenye tarehe ya leo, auzungushe apendavyo.

Lakini je, kwenye ule mlango wa bluu, nitakuwa wa kwanza kubisha?