Upande Usiofungwa wa Daraja

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeliona. Daraja lako nimeligusa, na ule upande wake usiofungwa nimeuona kwa macho yangu. Nakuandikia kutoka gesti ya Makambako, vidole bado vina kutu na chai imepoa mezani kwa sababu siwezi kutulia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitusimulia pale Liuli, sisi tukichambua usipa, dagaa wetu wa ziwani, na wewe umejinyoosha mkekani? Ujana wako ulikwisha kwenye reli ya kwenda Zambia, wewe kibarua wa zege na vyuma, mkielewana na Wachina kwa ishara za mikono. Nguzo mlizianzia chini ya maji, kwenye mwamba. Juu yake mkalaza vyuma virefu vya kubeba reli. Ukifika hapo ulishusha sauti.

"Upande mmoja tulikaza nati. Wa pili tuliulaza juu ya magogo ya chuma, ujiendee."

Ulisema chuma hurefuka juani, na kikibanwa pande zote kitaipasua nguzo. Ukawaambia wavuvi ni kama wanavyouviringisha mtumbwi juu ya magogo kuupandisha ufukweni. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Treni nzima ipite juu ya kitu kisichofungwa?

Nawe kwa ubishi wako ukajenga chanja ya kuanikia usipa, ukaifunga kamba upande mmoja tu. Mbuzi wa jirani akaja kujikuna pale, usipa wote wa mama ukaishia mchangani. Mama alikwambia mbele ya watu: "Mti si chuma, Baba Neema." Tangu siku hiyo ukaitwa Fundi Nusu, na jina hilo likakufuata hadi kwenye matanga yako. Liliniuma sana, maana hata mimi sikujua kama ulisema kweli.

Leo nimejua. Mzee mmoja anayekagua reli alinishusha hadi chini ya daraja. Nilimwuliza tu upande gani umefungwa, akanionyesha. Nati upande huu, kubwa hasa. Upande wa pili, magogo yako ya chuma, yamepakwa grisi, na pengo linaloingia kiganja changu. Mara treni ya mizigo ikapita juu yetu. Kifua kilitetemeka, chuma kikasogea kidogo sana, kikarudi, na nguzo haikujali. Nilipiga vigelegele, baba, mama mzima mwenye watoto sekondari. Yule mzee alidhani nimepatwa na jambo.

Nikampigia mama palepale. Nikamwambia ulisema kweli, na kwamba nitapita nyumba kwa nyumba huko ziwani mpaka lile jina lifutike.

"Tangu tumzike baba yako," akasema, "kila chanja ninayojenga naifunga upande mmoja. Ule mwingine siufungi, nauegesha kwa mawe tu, mbuzi wasiangushe."

Miaka yote hii naanika usipa pale kila nikienda nyumbani, na sikuwahi kuinama kutazama.

Kesho napanda basi la Songea, halafu Mbinga, halafu kwetu. Nikishuka Liuli, kabla ya salamu, nitainama chini ya chanja ya mama. Lala salama, fundi.

Ni mimi,
kitindamimba wako