Mtandio Mkononi mwa Munir

Tlemcen, 3 Februari 1987

Mwanangu Nasira,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, ni magoti tu yananisumbua kwa baridi hii. Wewe je? Masomo ya ukunga yanaendaje? Huko bwenini mnakula vizuri?

Nauliza kula kwa sababu mwanao hali. Leo kliniki wamempima: kilo tisa na gramu mia saba, na Desemba alikuwa ameshapita kumi. Kuskus anaitema, supu ya shurba anaimwaga, mkate akiuona anafumba mdomo kama duka siku ya Ijumaa. Juzi nilimfuata na kijiko chumba hadi chumba mpaka nikakaa chini nikalia.

Mumeo ameniandikia kutoka kazini jangwani. Mtoto asipofika kilo kumi mwisho wa Machi, uache shule urudi umlee. Unamjua Rabah, hatanii.

Mama yako

Algiers, 9 Februari

Mama mpenzi,

Pole na magoti. Mimi mwili sijambo, roho ndiyo imeniruka. Mtihani ni Juni, Mama. Miezi minne tu!

Munir kwangu alikula mpaka tunamwambia basi. Umembadilishia nini? Usimkimbize na kijiko. Mkalishe kwenye sinia pamoja nawe, ajilishe mwenyewe, achafue anavyotaka.

Mwanao, Nasira

Tlemcen, 18 Februari

Mwanangu,

Nashukuru u mzima. Ila hilo la "umembadilishia nini" limenichoma. Nimelea watoto watano, yupi alikufa njaa?

Unasema ajilishe. Mwanao akiachwa anachota kwa mkono wa kushoto! Wifi zako walipokuja Januari aliutumbukiza mkono huo kwenye sinia, wakatazamana. Aibu niliyoiona siku ile! Tangu hapo kila tukikaa kula naufunga kwa mtandio, kama tulivyofunzwa sisi. Atazoea. Leo amenitazama tu, machozi yanamtoka, mdomo kaufumba.

Mama yako

Algiers, 23 Februari

Mama,

Natumai hujambo. Leo salamu ni fupi. Mfungue.

Ana miaka miwili. Mkono wa kulia atafundishwa polepole, akiwa ameshiba. Mimi nilimwacha tu alipokuwa kwangu, na sikukwambia, nikiogopa utaniona mzembe. Hilo ni kosa langu.

Na kuna jambo nimelinyamazia tangu nina miaka sita. Nilikuona jikoni unakata mkate kwa kushoto, harakaharaka, mlango umeurudisha. Wewe nani alikufunga?

Mwanao

Algiers, 12 Machi

Mama,

Hujambo lakini? Wiki ya tatu hii hujanijibu. Kama nimekuvunjia heshima, nisamehe, ila niambie mtoto yu hali gani, hata mstari mmoja. Nimeshafunga sanduku. Ikifika tarehe ishirini na tano sina barua, napanda treni.

Mwanao, Nasira

Tlemcen, 20 Machi

Nasira wangu,

Fungua sanduku. Sisi wazima, na yeye zaidi.

Barua yako ya Februari iliniudhi. Niliificha chini ya godoro siku nne. Ya tano nikaitoa. Aliyenifunga mimi ni bibi yako, kwa kamba ya gunia la unga, nikiwa mdogo kuliko ulivyokuwa wewe siku ile mlangoni. Sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu baba yako.

Nikautupa mtandio. Nikaketi chini na Munir, sinia katikati, nikala kwa kushoto mbele yake. Alinikodolea macho! Kisha akachota, akatia mdomoni, akacheka mashavu yamemjaa kuskus. Siku hiyo alikula matonge manne. Sikukujibu upesi kwa sababu nilitaka kukujibu kwa kilo, na juzi nimezipata: kumi kamili. Karatasi ya kliniki nimeshampelekea Rabah.

Wifi yako mkubwa alikuja jana. "Mama, mnamwacha hivyohivyo?" Nikamwambia, "Kula wewe, chakula kinapoa." Wa kulia tutamfundisha, lakini kamba na mtandio katika nyumba hii basi.

Soma, mwanangu, ufaulu. Ukiona mwandiko umepinda kama wa mtoto, usidhani naumwa. Barua hii imenichukua tangu asubuhi, na nimeiandika yote kwa mkono wa kushoto.

Mama yako