Kichuguu Nyuma ya Masjala

Daftari hili ni langu peke yangu. Uliyelifungua kwa bahati mbaya, nakusihi ulifunge, ulirudishe chini ya godoro, na ulichokwisha kusoma usimwambie mtu. Hata mama yangu kule Singida.

Jumatatu, 4 Novemba
Kasulu. Nimefagia mbawa tena mlangoni mwa masjala. Beseni zima. Kumbikumbi wanaruka jioni moja tu, wanadondosha mbawa, asubuhi sisimizi wanawaburuta. Nimechoka kabla ya saa mbili.

Mzee Bukuru, tarishi wetu, ameniletea waliokaangwa. "Kula, karani. Nyama ya serikali hiyo, haina mchinjaji." Huwakusanya kwenye kichuguu kilicho nyuma ya ukuta wetu. Nimekula.

Jumatano, 6 Novemba
Niliandike tu. Mwezi wa tisa bosi alinipa dawa ya mchwa nimwage kwenye kichuguu kile. Mzee Bukuru akaniomba: "Mwanangu, subiri iswa zipite. Wajukuu wanazila." Iswa ndio hao kumbikumbi. Dawa ingeingia vinywani mwa watoto. Nikasubiri. Lakini kwenye daftari la kazi niliandika kwamba imemwagwa. Nikasaini. Niko kwenye kipindi cha majaribio, niliogopa kuonekana mvivu. Dawa bado ipo nyuma ya kabati.

Ijumaa, 8 Novemba
Mvua. Nimevuta faili rafu ya chini, likaja gamba tupu. Ndani udongo. Mchwa weupe, laini, wanakimbia mwanga. Mafaili kumi na moja. Nimeyarudisha yalivyokuwa, nikafunga mlango.

Chuoni nilisoma kwamba mchwa mtenda kazi haishi sana. Mwaka, pengine miwili. Muda wote huo anatafuna. Siwachukii. Najichukia mimi.

Jumatatu, 11 Novemba
Amekuja Mama Anjelina, mjane wa Nyakitonto. Alizaliwa Burundi, sasa ni raia. Agosti alituachia cheti chake halisi cha uraia kihakikiwe. Nilikipokea mimi. Stakabadhi sikumpa, kitabu kilikuwa kimeisha. Sasa shemeji yake anadai shamba la marehemu, anasema mkimbizi hana ardhi. Kamati ya kijiji inataka kukiona cheti.

Nimemwambia faili linatafutwa.

"Tafuta, mwanangu. Bila kile kikaratasi mimi ni mgeni tena. Na nimeshazeeka kuwa mgeni."

Faili lake limo katika yale kumi na moja. Cheti kimebaki kona yenye nusu ya mhuri.

Jumatano, 13 Novemba
Bosi ameyaona mafaili. Amefungua daftari la kazi, amesoma saini yangu, akasema dawa ilikuwa feki. Nimeokoka. Kisha: "Huyo mama andika hakukabidhi kitu. Asiye na stakabadhi hakukabidhi." Naogopa kufukuzwa. Naogopa zaidi kuandika hivyo.

Alhamisi, 14 Novemba
Nimeandika barua. Dawa sikumwaga. Cheti nilikipokea kwa mkono wangu. Mzee Bukuru sikumtaja.

Bosi ameisoma mara mbili. "Umesoma mpaka chuo ili uje ujiroge mwenyewe?"

Nimemwachia barua mezani, nikarudi masjala.

Jumanne, 26 Novemba
Kibondo. Nimehamishwa, majaribio yameongezwa mwaka. Ofisi hii ina mende. Nawaua kwa kandambili, kesho wapo wengine. Sina hasira nao.

Kamati imeahirisha shauri la Mama Anjelina. Wanamtaka mtu aliyekiona cheti kwa macho yake. Ni mimi. Nimemwandikia kwa herufi kubwa, kwenye karatasi ngumu, nikampa kondakta wa basi la Kasulu:

Mama, shuka stendi ya Kibondo. Usiulize karani, tuko wengi. Uliza binti wa Singida aliyeletwa juzi. Pita soko, fuata ukuta wa shule mpaka mlango wa bluu. Ukiukuta umefungwa, gonga dirisha la pembeni. Njoo siku yoyote ya kazi. Nitaomba ruhusa, tutapanda basi pamoja.