Uliponiambia Baba Amelala

Kanazawa,
9 Machi

Dada yangu Devaki,

Nakuinamia miguuni kutoka huku mbali. Hujambo? Mama anaendeleaje na yale magoti yake, na je, anakula, au bado anasukuma chakula kando ya sahani? Watoto hawajambo? Mimi mwili hauna neno. Theluji imeanza kuyeyuka, na nywele zimeanza kuota tena kichwani, zinawasha kweli. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu, maana kwenye simu wewe huanza kulia, halafu mimi nakuwa mtu wa kukubembeleza. Safari hii sistahili kumbembeleza mtu.

Umeniuliza mara mbili mtihani ulikwendaje, nami nikakujibu "vizuri" nikabadilisha mazungumzo. Leo nitakueleza yote.

Kijapani tunachosoma mwaka huu si kile cha kuulizia bei ya viazi. Hiki ni cha kuzungumza na wakubwa, cha kuomba radhi, cha kutoa pole, cha kumsifu mtu bila kumtia haya. Mwalimu wetu, Bi Kuwabara, ana miaka kama sitini, na mkali huyo, usipime. Nodira, mwenzangu wa kutoka Samarkand, husema mama huyu akikuitikia salamu tu, unajua umekosa maksi ngapi. Katika mtihani wa mwisho unasimama mbele ya walimu watatu, unachota karatasi kwenye boksi, unazungumza dakika kumi na mbili juu ya ulichokichota. Tulivyoelewa sisi wageni, asiyetokea siku hiyo amepoteza mwaka, na mimi nikipoteza mwaka, ufadhili umekwisha, narudi nyumbani. Nilimweleza mama hayo tangu Desemba, tena nikakazia.

Ndiyo maana baba alipokata roho tarehe kumi na moja mwezi uliopita, mama aliwaambia nyote kwamba mtoto asiambiwe mpaka amalize. Baba mdogo Ghanashyam akawasha moto wa kumchoma marehemu mahali pangu mimi mwanawe. Hayo ulinieleza mwenyewe, jioni ile ya tarehe kumi na tano, nikiwa nimetoka kwenye mtihani.

Karatasi niliyochota ilisema nieleze habari za mtu ninayemheshimu. Nikaeleza habari za baba. Niliwasimulia anavyokesha na tanuri la kukaushia iliki mpaka macho yanakuwa mekundu, anavyowatukana nyani wa shambani kwa majina ya wajumbe wa kijiji, na jinsi alivyokuwa akiniita kutoka mlima wa pili bila kupaza sauti sana, nikasikia. Mwalimu mmoja akaniuliza nitamwona lini. Nikasema Aprili, nitampelekea koti la hapa, ingawa najua atamvalisha ng'ombe kwanza aone kama linafaa. Wote watatu wakacheka. Bi Kuwabara alicheka mpaka akavua miwani, na katika miaka mitatu sijawahi kumwona akicheka.

Jioni ukapiga simu. Ulilia, ukaniomba radhi kwa kunificha, ukasema nikuchukie wewe nisimchukie mama. Nikakwambia nimekusamehe. Nikanyoa kichwa, nikavaa nyeupe, nikakaa siku zangu za maombolezo bila chumvi kama kuhani wetu alivyonielekeza kwa simu. Siku ya tatu ilinibidi nifike chuoni kutia saini. Bi Kuwabara aliniona ukumbini na nguo zile na kichwa kile, akaniuliza kulikoni. Nikamwambia baba amefariki. Akauliza lini. Nikamtajia tarehe.

Nikamwona anahesabu siku. Kisha akasema, "Bwana Hemlal, hapa mwanafunzi akifiwa na mzazi hupewa siku saba. Watu wako wangenipigia simu tu. Mtihani ningeusogeza."

Akaendelea, "Na mimi nilicheka habari ya koti." Akainama mbele yangu, kichwa chini kabisa, mwanamke wa umri wa mama yetu, wanafunzi wakipita. Na mimi nikapokea radhi yake kama nilivyopokea yako.

Dada, nilijua.

Tularam, yule wa kwa Upreti, yuko mji huu huu, kwenye kiwanda cha vyakula vya kufungasha. Mchana wa tarehe kumi na mbili alinipigia kunipa pole, akidhani nimeshaambiwa. Nilikaa kwenye ngazi za bweni mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nikamwomba asimwambie mtu kwamba amenipigia.

Jioni hiyo nikakupigia wewe. Nikaomba niongee na baba. Ukasema amelala. Kesho yake nikapiga tena, ukasema amekwenda kwa jirani. Tarehe kumi na nne ukasema amekula uji, amelala tena. Nikakuuliza uji wa nini. Ukasema wa ulezi, na maziwa. Nikakuuliza kama ameumaliza. Ukasema ameumaliza wote. Sauti yako ilikuwa imekwisha kabisa, na mimi nikaendelea kuuliza. Baadaye ukanieleza kwamba simu yangu ilipokuwa ikiita, mama alikuwa akiuma mtandio nisisikie kilio chake. Mimi nilikuwa nikipiga nikijua kuna msiba.

Nilijidanganya kwamba ni kwa ajili ya mtihani. Ingekuwa hivyo, ningekaa kimya nikasoma. Nilitaka kusikia, dada. Uliposema amelala, kwangu alikuwa amelala. Sikuwaza wewe unabaki na nini ukishakata simu. Na siku zote nne nilikula chumvi, nilikula samaki, nilikaa na wenzangu nikacheka, baba akiwa majivu.

Kwa hiyo ule msamaha niliokupa haukuwa wangu kuutoa. Mimi ndiye ninayeomba, na sikuharakishi. Ukiona mama aambiwe, mwambie. Ukiona inamtosha kuamini kwamba alinipunguzia siku nne za uchungu, mwachie.

Nisalimie watoto, na Baba mdogo Ghanashyam, umwambie nashukuru kwa moto. Mama mfunike vizuri asubuhi, baridi ya kwetu bado haijaisha.

Matokeo yametoka jana. Nimekuwa wa kwanza. Pembeni mwa karatasi yangu Bi Kuwabara alikuwa ameandika, siku ile ile ya mtihani, kwamba nilipozungumza walimwona baba yangu yu hai mbele yao. Sijamwonyesha mtu.

Ni mimi mdogo wako,
Hemlal